Kuwatambua Wadudu wa Mtoni: Somo kwa Mvuvi Anayeanza na kwa Chama Chenye Kiwanda Kando ya Mto

Katika mito ya baridi itokayo Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, mvuvi wa trauti na chama cha ushirika cha kahawa hutumia maji yale yale. Mvuvi husimama juu, karibu na msitu. Kiwanda cha chama kiko chini yake, mahali ambapo kahawa humenywa na kuoshwa. Na chini ya kiwanda wako wanachama wenyewe, ambao huchota maji ya kupikia na kunyweshea mifugo yao.

Somo hili linaeleza jinsi mvuvi anayeanza anavyoweza kuwatambua wadudu waishio katika maji hayo. Kwa asili elimu hii ni ya mvuvi. Lakini katibu wa chama akijifunza, atakuwa amepata kipimo cha afya ya mto ambacho gharama yake haizidi sinia jeupe na saa moja ya kazi.

1. Kwa nini mvuvi huwatazama wadudu

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, nao wakatiwa katika mto Gura huko Nyandarua. Baadaye wakaletwa pia trauti wa upinde wa mvua. Mwaka 1948 vilianzishwa vituo vya samaki vya Sagana na Kiganjo, na kile cha Kiganjo kikawa cha kuzalisha trauti wa kupandikizwa mitoni. Basi samaki alikuwa mgeni, lakini chakula alichokikuta kilikuwa cha wenyeji, nacho ni wadudu wa mtoni.

Mvuvi anayezungumziwa hapa hatumii mnyoo wala kipande cha nyama. Hutumia ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi, manyoya ya ndege na nywele za wanyama hata ikafanana na mdudu. Chambo hicho huitwa nzi bandia. Nchini Kenya wako mafundi wafungao nzi bandia kwa mikono, na kazi yao huuzwa Ulaya na Marekani.

Trauti huzoea kula kile kinachopatikana kwa wingi saa ile. Akiletewa kitu kisichofanana nacho, mara nyingi hukiacha kipite. Kwa hiyo mvuvi hana budi kujua ni mdudu gani aliyemo mtoni siku hiyo. Wengi wanaoanza hukata tamaa mapema kwa kudhani kwamba ni lazima wakariri majina ya Kilatini. Sivyo. Anayeanza anahitaji mambo manne tu: umbo la mdudu, ukubwa wake, rangi yake, na mahali alipokuwa majini. Jina litafuata baadaye, kama litahitajika.

2. Maisha ya mdudu majini

Wadudu wa mtoni hukua kwa njia mbili. Njia ya kwanza ina hatua tatu: yai, tunutu, na mdudu kamili. Tunutu hufanana kiasi na mzazi wake, na vifuko vya mabawa huonekana mgongoni mwake kadiri anavyokua. Njia ya pili ina hatua nne: yai, buu, pupa, na mdudu kamili. Buu hafanani na mzazi wake hata kidogo.

Katika njia zote mbili, sehemu kubwa ya maisha hupita chini ya maji. Mdudu anayeruka juu ya mto jioni amekwisha kuishi wiki nyingi, au miezi, kati ya mawe. Kwa sababu hiyo trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu yake, na mvuvi atazamaye angani peke yake huona sehemu ndogo tu ya mambo.

3. Vifaa na namna ya kukusanya

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: sinia au bakuli jeupe, chujio la chai, kipande cha chandarua kilichokazwa kati ya vijiti viwili, kioo cha kukuzia, na daftari. Sinia liwe jeupe, kwa maana mdudu wa rangi ya tope haonekani katika chombo cheusi.

Kazi ifanywe na watu wawili. Mmoja hushika chandarua wima majini, ukingo wake wa chini ukigusa mchanga. Mwenzake husimama upande ambako maji yanatoka na kuyachokoa mawe kwa mguu muda wa dakika mbili hivi. Wadudu waliobanduka huchukuliwa na maji hadi kwenye chandarua. Kisha mawe machache makubwa yainuliwe kwa mkono na kutazamwa upande wa chini, kwani wadudu wengine hung'ang'ania na hawabanduki kwa mguu. Vyote vilivyopatikana vitiwe katika sinia lenye maji safi ya mto, na watu wangoje kidogo mpaka wadudu waanze kutembea. Mwendo wa mdudu ni sehemu ya utambulisho wake.

Wakimaliza, wadudu warudishwe mtoni na mawe yarudishwe yalivyokuwa. Mtu asiende peke yake katika mito ya msituni, ambako kuna nyati na tembo. Katika maji ya chini yaendayo polepole, ambako konokono wa kichocho huweza kuwapo, avae viatu vya mpira.

4. Makundi matano ya kuanzia

(a) Wadudu wa mikia mitatu. Wataalamu huliita kundi hili Efemeroptera. Tunutu wake ana mikia mitatu myembamba kama nyuzi na ukucha mmoja katika kila mguu. Ubavuni mwa tumbo ana safu ya matamvua yanayopepea, ambayo kwayo hupata oksijeni. Wengine wana mwili wa mviringo nao huogelea kwa kasi kama visamaki. Wengine ni bapa, wamelala juu ya jiwe kana kwamba wamebandikwa, na ubapa huo huwasaidia wasichukuliwe na maji. Aina chache za hawa waogeleaji zina mikia miwili tu, kwa hiyo mwanafunzi asihukumu kwa mikia peke yake. Atazame matamvua ya tumboni na ule ukucha mmoja.

(b) Wadudu wa mikia miwili. Kundi hili ni Plekoptera. Tunutu ana mikia miwili, kucha mbili katika kila mguu, na vipapasio virefu. Tumboni ubavuni hana matamvua. Yale aliyo nayo ni vishada vidogo kwenye mashina ya miguu. Hatembei kama mwogeleaji, bali hutambaa kwa nguvu juu ya mawe akiwinda wadudu wadogo. Katika mito ya Afrika Mashariki aina zake si nyingi, na karibu zote ni za jenasi Neoperla. Akiwa tayari kutoka majini hupanda juu ya jiwe, na ngozi yake tupu huachwa hapo. Ngozi hizo zikionekana juu ya mawe makavu asubuhi, ni dalili njema.

(c) Wadudu wajenzi. Kundi hili ni Trikoptera. Buu wake hana mikia ya nyuzi. Nyuma ana ndoana mbili za kujishikia. Wengi hujijengea nyumba ya punje za mchanga, vipande vya majani au vijiti, wakiunganisha kwa uzi wa hariri utokao kinywani, kisha huitembeza nyumba hiyo popote waendapo. Wengine hawana nyumba ya kutembea nayo. Hao hutega wavu mdogo kati ya mawe na kula kinachonaswa. Mwanafunzi akiona kijiti kinatembea katika sinia, amempata mjenzi.

(d) Usubi na jamaa zake. Kundi hili ni Diptera, ndilo lenye mbu na nzi wa nyumbani. Mabuu yake hayana miguu yenye viungo. Buu wa usubi hujishika kwenye jiwe kwa sehemu ya nyuma, mahali maji yaendapo kasi, na hukinga chakula kwa vipepeo viwili vya kichwani. Jamaa mwingine ni buu mwembamba mwekundu wa wadudu wafananao na mbu lakini wasiouma. Wekundu wake ni wa himoglobini, kitu kile kile kilichomo katika damu ya binadamu, nao humwezesha kuishi katika tope lenye oksijeni kidogo sana.

Habari za usubi zinaonyesha umuhimu wa kujua makao ya mdudu. Aina iitwayo Simulium neavei ndiyo iliyoeneza upofu wa mtoni magharibi mwa Kenya. Kwa muda mrefu mabuu yake hayakupatikana kwenye mawe na majani kama ya usubi wengine. Mwaka 1950 ilitangazwa kwamba huishi yamejishika kwenye miili ya kaa wa mtoni. Baada ya makao hayo kujulikana, ndipo ilipoeleweka ni vijito gani vya kushughulikiwa, na ugonjwa huo ukaondolewa nchini humo.

(e) Kereng'ende. Kundi hili ni Odonata. Tunutu wa kereng'ende mnene ana mwili mfupi wenye nguvu, hana mikia, na taya lake la chini limekunjwa kama mkono ulio tayari kunyakua. Ndugu yake mwembamba ana vitu vitatu mwishoni mwa tumbo, na hapo wengi wanaoanza hukosea wakidhani ni mdudu wa kundi la kwanza. Tofauti ni hii: mikia ya kundi la kwanza ni nyuzi, bali vitu vya kereng'ende ni vipana kama majani madogo, navyo ni matamvua.

5. Kuwatambua wakiwa na mabawa

Mdudu kamili hutambulikana upesi kwa jinsi anavyoyaweka mabawa anapotua. Wa kundi la kwanza huyasimamisha wima juu ya mgongo kama tanga la mashua. Wa kundi la pili huyalaza bapa mgongoni, moja juu ya jingine. Mjenzi huyainamisha pande mbili kama paa la nyumba, na mabawa yake yana vinyweleo. Kereng'ende mnene huyatandaza kando. Usubi na jamaa zake wana mabawa mawili tu, ilhali makundi mengine manne kwa kawaida yana manne.

Wadudu wa kundi la kwanza wana jambo ambalo halimo kwa mdudu mwingine yeyote: wakishapata mabawa hujivua ngozi tena mara moja kabla ya kukomaa. Wakiwa wakomavu hawali kitu, na wengi huishi saa chache au siku moja mbili, muda wa kutosha kuzaa na kutaga. Wanapoanguka majini baada ya kutaga, trauti huwaokota juu ya maji kwa utulivu, na mvuvi mwenye nzi bandia aeleaye hupata nafasi yake.

6. Kutoka sinia hadi ndoana

Baada ya kutazama sinia, mvuvi hujiuliza maswali matatu. Ni wadudu gani walio wengi? Wana urefu gani? Waliishi katika maji ya kasi au ya utulivu? Kisha huchagua nzi bandia aliye karibu na majibu hayo, naye huanza na ukubwa. Rangi ikikosewa kidogo samaki huweza kusamehe, lakini nzi bandia aliye mkubwa mara mbili ya mdudu halisi hukataliwa mara nyingi. Pakiwa na mabuu ya usubi tele, ndoana iwe ndogo sana. Pakiwa na tunutu wa Neoperla, iwe kubwa zaidi, nayo ipitishwe karibu na mawe ya chini.

Hapa yapo maonyo mawili. La kwanza: vitabu vingi vya uvuvi huu viliandikwa Uingereza na Marekani, navyo vina kalenda zinazosema mdudu fulani hutoka majini mwezi fulani. Kalenda hizo zimefungamana na baridi na joto la nchi zile. Karibu na ikweta wadudu wengi hutoka majini mwaka mzima, na kinachobadili hali ya mto ni mvua zaidi kuliko mwezi. Kwa hiyo mvuvi wa Nyeri au wa Meru asome sinia lake badala ya kalenda ya wengine. La pili: kabla ya kuvua, mtu aulize masharti na leseni katika ofisi ya uvuvi iliyo karibu. Wala asihamishe trauti kutoka mto mmoja hadi mwingine kwa hiari yake, kwani samaki mgeni aweza kuwaangamiza viumbe waliomtangulia.

7. Shahidi wa maji

Jambo linalokihusu chama ni hili. Makundi hayo matano hayavumilii uchafu kwa kiasi kimoja. Wadudu wa mikia miwili huhitaji maji safi, baridi na yenye oksijeni nyingi. Maji yakiharibika, wao huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Wengi wa mikia mitatu, hasa walio bapa, huwafuata. Wajenzi hutofautiana kwa aina. Mabuu mekundu huweza kubaki na hata kuongezeka wengine wanapokwisha. Kanuni hii ndiyo msingi wa kipimo cha SASS cha Afrika Kusini, na wa TARISS, kipimo cha Tanzania kilichojengwa juu yake. Katika vipimo hivyo kila jamii ya wadudu hupewa alama kulingana na uvumilivu wake, kisha mto huhukumiwa kwa jumla na wastani wa alama hizo.

Maji yanayotoka katika kumenya na kuosha kahawa yana sukari na ute wa tunda. Yakiingia mtoni, bakteria huvila vitu hivyo na kuongezeka haraka, nao huitumia oksijeni iliyomo majini. Mawe hufunikwa na utando wa kijivu kama pamba iliyolowa. Tunutu huyapepeza matamvua yake bila kupata kitu. Uchafu huu haumwui mdudu kwa sumu, humnyima pumzi. Dawa za shamba ni hatari ya namna nyingine. Dawa za shaba za kuzuia chulebuni na kutu ya majani, dawa za kuua wadudu, na maji ya josho yakimwagwa, huweza kuwaua wadudu wa mto hata zikiwa kidogo.

Maji machafu yaliyofunguliwa usiku huwa yamekwisha kupita asubuhi, na chupa ya maji iliyochotwa saa nne haitasema neno. Lakini wadudu waliokuwa kati ya mawe hawakuweza kupita. Kama wamekufa, pengo lao litaonekana kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana sinia jeupe huweza kueleza yaliyotokea ambayo hakuna mtu aliyeyaona.

8. Uangalifu katika kuhukumu

Katibu asitoe hukumu kwa sinia moja. Baada ya mafuriko wadudu huwa wachache hata katika mto safi. Mahali penye mchanga mtupu hapana wadudu wengi kama penye mawe. Maji ya chini yenye joto huwa na Plekoptera wachache kwa asili. Kwa hiyo njia iliyo sawa ni kulinganisha. Achague mahali pawili panapofanana, penye mawe na maji ya kasi, pamoja juu ya kiwanda na pamoja chini yake. Apapime siku moja, kwa muda ule ule wa kuchokoa mawe, na aandike kila kundi alilolipata.

Tuseme juu ya kiwanda yamepatikana makundi yote matano, na chini yake mabuu mekundu na wajenzi wachache tu. Tofauti hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda kukagua mifereji. Haitoshi kumshtaki mtu. Kipimo kirudiwe kabla ya msimu wa mavuno, katikati ya msimu, na baada yake. Wadudu wakitoweka katikati ya msimu na kurudi baadaye, chanzo kitakuwa karibu kujulikana. Na ikiwa juu ya kiwanda pia hakuna kitu, lawama isitupwe kiwandani kabla ya kuyatazama mashamba na majosho yaliyo juu zaidi.

9. Wajibu wa chama

Chama kilichoona dalili mbaya kina hatua za kuchukua. Maji ya kumenyea yaweza kuzungushwa na kutumiwa tena kabla ya kumwagwa, na hivyo kiasi kinachotoka hupungua. Maji ya mwisho yaelekezwe katika mashimo ya kuyafyonza, yaliyochimbwa mbali na ukingo, nayo mashimo hayo yazolewe tope kabla ya msimu. Maganda yarundikwe yaoze na kurudishwa shambani kuwa mbolea. Mabomba ya kunyunyizia dawa yasioshwe mtoni. Matokeo ya kila kipimo yasomwe katika mkutano wa wanachama, hata yakiwa ya kukiaibisha kiwanda chao wenyewe, kwa sababu wanaokunywa maji ya chini ni wanachama hao hao na watoto wao.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Mdudu mwenye mikia miwili na matamvua ubavuni mwa tumbo ni wa kundi gani, na ni ukucha wa namna gani utakaothibitisha?

2. Kwa nini kipimo kimoja chini ya kiwanda hakitoshi?

3. Ni mahali gani pawili katika mto wa chama chenu panapofaa kulinganishwa?

4. Ni nani watakaopima kabla ya msimu ujao, na daftari litatunzwa na nani?